Kila Mtu Aje na Mzigo Wake

Doriane, acha kupika usome hii. Nimeaibika!

Leo ndipo kikundi changu cha ushauri nasaha kwa wakimbizi kilipoanza hapa Kashojwa. Msimamizi katoka Mbarara kuja kuamua kama ninafaa kukiongoza au kipewe mtu mwingine.

Na mimi, kwa Kiswahili changu cha diploma, nilikuwa nimebandika tangazo: "Kila mtu aje na mzigo wake, tuutue pamoja."

Mzigo wa moyo! Wa MOYO, Doriane!

Wamekuja na masanduku. Na magodoro! Wamesoma "mzigo" wakadhani wanahamishwa. Mzee Nehemiya kavaa suti, ananiuliza, "Binti, ndege ya Kanada iko fasi gani?"

Ndege. Ya Kanada.

Nikaeleza. Kisha Mama Bernardine akakalia begi lake: "Nimeshagawia majirani kuku zangu, wewe mutoto!" Wakamfuata wote, mmoja mmoja, saa mbili nzima, wananisema mimi. Wengine walilia. Hata miaka waliyongoja humu kambini walinitajia.

Msimamizi, ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia nyanya, alikuwa anaandika tu.

Nimeisoma ripoti yake: "Kiongozi anafaa. Washiriki wamefunguka vizuri sana."