Sauti Yako Inauza Dawa ya Jongo

Baba,

Salamu zitafuata, acha kwanza niseme. Wanakuuza sokoni. Yule muuza mizizi aliyekupa dawa ya jongo amepata ule ushuhuda ulioutoa kanisani, uliorekodiwa kwa simu, na anaupiga kwa kipaza sauti tangu asubuhi, karibu na akina mama wanaouza samaki wa Bukama. "Nilikuja na fimbo, leo niko natembea! Bwana asifiwe!" Watu wanaitika amina, wananunua chupa. Mama aliisikia sauti yako akiwa na beseni la unga kichwani. Akalitua, akakaa palepale kwenye matope. Mimi nilitapika, Baba, nyuma ya kibanda cha samaki.

Nayakumbuka yale maji. Ya kahawia, yenye utelezi wa bamia, yakinuka kama mbwa aliyenyeshewa. Ulibana pua, ukanywa, ukanikonyeza: "Uchungu huu hata mguu unaogopa." Tulicheka sana. Kidole gumba cha mguu, jongo lilipokaa, kilikuwa chekundu, kinang'aa, hata shuka hukutaka likiguse. Baada ya siku kadhaa kikapoa. Ukaacha vidonge vya hospitali, na Jumapili ukasimama mbele ya kanisa zima, kama ilivyo desturi yetu: aliyepona hushuhudia.

Lakini jongo hutulia lenyewe! Huuma, huondoka, hurudi, na chochote ulichokunywa mwisho ndicho kinachosifiwa. Wewe, mwalimu wa sayansi, uliyetupandisha maharage katika makopo mawili, moja juani, jingine kabatini, ili tusidanganyike: kopo lako la pili, la kulinganisha, lilikuwa wapi? Jongo likarudi, tukanyamaza, maana nani kwetu husimama kanisani kushuhudia kwamba hakupona? Figo zikachoka. Daktari hakusema chupa ndiyo iliyokuua. Alisema hajui ndani mna nini, na muuzaji naye hajui. Majani siyachukii. Daktari huyohuyo aliniambia kuna kidonge cha jongo kilichotokana na ua, ila hicho kilipimwa, hadi ikajulikana kiasi gani hutuliza na kiasi gani huua.

Nilimwendea muuzaji. Alikuwa anakula karanga, wala hakuacha kutafuna. "Baba yako njo alisema mwenyewe. Minyi niko nasikilisha bantu tu," yaani yeye huwasikilizisha watu tu. Maganda yalimganda midomoni. Nilikiona kinywa kile hata nilipofumba macho.

Na sasa baba mdogo Ilunga kidole kimemvimba. Vidonge amevitupa, chupa iko chini ya kitanda chake. Nikimsihi, ananitazama kama nimemtukana kaka yake, ambaye humwita Yaya. "Yaya alipona, nilimusikia na masikio yangu. Weye unajua kupita yeye?" Nashindana na wewe, Baba. Sauti niliyoililia ndiyo inayomnywesha ndugu yako uchafu ule, na inanitia kinyaa, nami sikutaka kamwe kuionea kinyaa sauti yako.

Jumapili nimeomba nafasi ya ushuhuda. Mchungaji anadhani nitawashukuru watu kwa mazishi. Nitasimama pale uliposimama, Mama kando yangu, baba mdogo benchi la mbele, niseme kwamba jongo lilirudi, kwamba uso ulikuvimba na mkojo ukakatika, kwamba ulikufa. Najua ungeona haya. Vumilia.

Pumzika, Baba. Nakuahidi baba mdogo atausikia ushuhuda wako mpaka mwisho, na atausikia kutoka kinywani mwangu.

Binti yako,
Ngoie