Kistari Kilichoegemea Vibaya

6 Machi 2021

Dada, shikamoo.
Wazima huko? Miguu ya Mama je? Mimi sijambo, kazini tu wananikamua. Ile skripti, kile kiprogramu cha kuhamisha sauti alizojirekodi marehemu Baba kwenye flashi, ndiyo hiyo. Chomeka flashi, bonyeza mara mbili, basi. Hata wewe huwezi kuikosea! Zote thelathini na mbili zitaingia kwenye folda ya Sauti, kisha flashi itajifuta. Mwambie Mama Jumapili atamsikia mumewe.
Mdogo wako, Fundi

8 Machi 2021

Fundi,
Salamu baadaye. Folda ya Sauti haina kitu, na flashi tupu. Jana Mama alivaa kitambaa kipya, akakaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Nimwambie nini?
Dada yako

8 Machi 2021

Dada,
Hapa kwangu inafanya kazi bila kasoro. Umebonyeza kitu tu. Siku zote nakwambia usiguse usichokijua.
Fundi

19 Oktoba 2023

Dada yangu mpendwa, shikamoo.
Mgongo wako unaendeleaje? Mama hajambo? Najua umeninunia, na nimestahili.

Leo mwenzangu kazini kaiona ile skripti, kanicheka hadi machozi. Kompyuta za hapa hutenganisha jina la folda na la faili kwa kistari hiki: \. Yako inataka hiki: /. Mimi nikaandika cha kwangu, kana kwamba dunia nzima inaegemea upande wangu. Yako haikuona folda, iliona jina refu tu. Hebu tazama nje ya folda, kama kuna vitu vinaitwa Sauti\01, Sauti\02. Huyo ni Baba.

Kosa lilikuwa langu. Nilikusema bure, kisha kiburi kikaniziba mdomo. Majuto ni mjukuu, dada, na wangu ameshaota meno. Nisamehe.
Mdogo wako

2 Novemba 2023

Fundi, marahaba.
Mgongo upo. Vimo vyote thelathini na viwili. Nilikuwa naviona kila siku nikidhani ni takataka za kompyuta. Sikuvifuta, si uliniambia nisiguse?

Mama anasahau tangu mwaka jana. Hasira zilinizuia kukuandikia, nami nisamehe. Nilimwekea ya kwanza, ile Baba anamtania kwa chai yake isiyo na sukari. Akasikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Kisha akaniambia, "Huyu mzee ana maneno matamu. Mkewe ana bahati."

Nikatoka nje nikalia. Niliporudi nikamwekea ya pili. Zimebaki thelathini, njoo tusikilize naye.
Dada yako