Pale Bashofere Habasimamaka

Kazi moja, 4 mwezi wa tano

Tena panó, zile alama za barabara. Leo, mwanzo wa juma, nimekamata kumi na mbili kwa kichwa mbele ya kupika sombe. Ile ya pembe tatu yenye mustari mwekundu: hatari. Ile ya kuviringana: katazo. Ya buluu: lazima. Dorcas, muke ya mutoto yangu Deo, ananisomea Kifaransa, miye naandika Kiswahili pembeni. Anasoma sawa mutu mwenye kubebeshwa maji ya batu wengine. Hapendi. Nimeona. Atavumilia.

Nilifika mwaka ya ine tu kwa masomo. Lakini kichwa yangu haina kutu, permi ya kuendesha nitapata.

Kazi mbili, 5

Kwa Muzee Zakaria, moniteri ya kode, mwenye kufundisha sheria za barabara. Zamani alikuwa shofere ya lori. Iko na meza, alipaka barabara juu yake, na vimotokari vya mbao. Anavisukuma na kuuliza nani atapita mbele. Tuko batu kumi na mmoja. Mwenye mvi ni miye peke.

Kijana moja wa pikipiki akaniuliza: "Koko, unatafuta permi ya kwenda wapi? Mbinguni?"

Nikamujibu: "Weye utafika kule mbele yangu, vile unaendesha bila kasike kwa kichwa."

Batu yote balicheka. Yeye pia. Mupumbavu.

Kwenye ninaenda sikumwambia. Naandika hapa, nisijidanganye. Naenda njia ya Gety, kwenye ule mutelemuko. Deo alikuwa anatoka Gety na magunia ya maharagi. Kamioneti yake ilikutwa pale, milango imefungwa, ufunguo ndani, maharagi yote juu. Mbele yake, matawi mabichi juu ya njia. Deo hapana. Ata kiatu hatukuona.

Ilikuwa vita. Miaka kenda imepita. Sasa banasema kuko amani, motokari inapita kila siku. Nilisha kupanda mara tatu. Kila mara naomba shofere asimame pale, nishuke, niite mutoto yangu kwa jina, vile mama yangu alikuwa anaita bafu ba kwetu, bale balikufa mbali, ili barudie nyumbani. Kila shofere anakanyaga zaidi. Moja aliniambia atanirudishia nauli, lakini kusimama, hapana.

Basi nitaendesha mwenyewe. Kushika usukani najua, Deo alinifundisha kwa kiwanja cha mupira, tukicheka. Yenye kukosa ni karatasi. Bila karatasi polisi hawataniachilia kupita bariere ya kwanza.

Kazi ine, 7

Matawi mbele ya lango.

Matatu, ya kaliptusi, mabichi. Yamepangwa juu ya njia, moja nyuma ya ingine, vile shofere anapangaka kama motokari yake imeharibika. Niliangalia juu. Niliangalia chini. Hakuna motokari. Hakuna alama ya matairi.

Niliyatupa kwa shimo. Utomvu ulibaki mukononi. Nilinawa mara mbili na unanuka bado.

Kazi tano, 8

Tena.

Mama Kavira, jirani yetu mwenye kuuza mawese, alitoka na ufagio. Aliona. Alirudia ndani. Ule mwanamuke anaongeaka ata na kuku. Leo alifunga mulango. Batu benye kwenda soko banazunguka kwa majani, hakuna mwenye kukanyaga. Hakuna mwenye kuuliza. Siye ba Bunia tunajua sana kutouliza.

Niliogopa. Nimeandika. Imetosha.

Siku ya Mungu, 10

Hakuna kitu kwa lango. Kanisani niliangalia mulango kuliko pasta. Mungu anisamehe, mahubiri yenyewe ilikuwa mubaya.

Kazi moja, 11

Leo tulifika kwa numero kenze, swali ya kumi na tano. Muzee Zakaria anasema kitabu cha Kifaransa kinataka pembe tatu nyekundu nyuma ya motokari iliyoharibika. Lakini huku kwetu nani iko nayo? Tunatia matawi. Basi bakubwa ba egzame baliongeza swali yao.

Unakuta matawi mabichi juu ya njia. A: unarudia nyuma haraka. B: unapunguza mwendo, kuko mwenye kuharibikiwa mbele. C: unapiga honi.

Nikasema A. Wale kumi nyuma yangu bakasema A. Sauti moja, sawa kanisani.

Zakaria akapangusa miwani. "Mama Deo, jibu ni B."

"Ya nani hiyo?"

"Ya kitabu."

Nikamuuliza yeye, na lori yake, angefanya nini. Alikamata kamotokari ka mbao, akakasukuma polepole mpaka mwisho wa meza. Kakaanguka chini. Hakuna mwenye kukaokota. Akasema masomo imekwisha, na saa ilikuwa bado.

Niko na hasira. Deo aliendesha vile kitabu kinasema. Alipunguza mwendo. Nikiandika A, ninasema mutoto yangu alikosea, kifo ni yake. Nikiandika B, ninasema matawi ni kitu ya kawaida. Miye siwezi kuandika ata moja.

Kazi tatu, 13

Matawi. Mara ya tatu.

Nilienda nyuma ya jiko kutafuta jembe. Dorcas alikuwa anasugua mikono na majivu. Utomvu mpaka kwa viwiko.

Nilimukaripia mpaka sauti ikapasuka. Kumutisha mama ya bwana yake! Ata mutoto hafanyi vile. Aliniacha nimalize. Kisha: "Mama, ile njia ilikula bwana yangu. Haitakukula weye pia. Nilizani ukiona, utaacha."

Nikamwambia mara tatu ni zarau mara tatu.

Akasema mbili.

"Namna gani mbili?"

"Kazi tano na leo. Ile ya kwanza si miye, Mama. Niliikuta asubui vile ulikuwa unaitupa. Ile ndiyo ilinipa mawazo."

Dorcas ni mukaidi, lakini muongo, hapana. Miaka kumi na mbili ndani ya nyumba yangu, najua.

Kama si yeye, basi nani anatuomba musaada? Tulikaa. Sombe ikaungua. Hatukuondoa chungu.

Kazi tano, 15

Egzame ya permi.

Chumba kilijaa. Mwenye kuegzamini alivaa kravati, mutu wa hapa hapa, nilisikia kwa ulimi wake. Anasoma swali kwa sauti, siye tunaandika. Anasoma haraka. Panó, mwenye kupita mbele, mabasi, batoto ba shule, vyote najua. Biki yangu ilikuwa inakimbia juu ya karatasi.

Akafika kwa kenze. Akasoma.

Biki zote zikasimama.

Sijasikia kimya sawa ile tangu zile siku tulikuwa tunalala chini ya vitanda. Batu makumi tatu, na hakuna mwenye kukohoa. Mwanaume mbele yangu, mugongo mukubwa sawa mulango, aliweka mikono yote miwili juu ya meza na kuiangalia. Nikaangalia ule wa kravati. Alikuwa ameinua karatasi mbele ya uso yake.

Baadaye akasema, chini chini: "Andikeni ile ya kitabu, bandugu. Tafazali."

Nikaandika B. Si juu ya kitabu. Mutu akiona alama ya mwenzake mwenye shida, anapunguza mwendo. Hivyo nilimulea Deo. Benye kukosea ni bale baliokata matawi.

Nilipata kumi na saba juu ya makumi mbili. Yule wa pikipiki, nane. Sasa ananiita Koko Profesa, anataka nimusomeshe. Atakuja na kasike ao asikuje.

Posho, 30

Nimerudi kutoka njia ya Gety, permi mufukoni. Kesho ni Siku ya Mungu. Naandika polepole, mikono bado inasikia usukani.

Muzee Zakaria alikaa pembeni yangu ndani ya kamioneti ya Deo, Dorcas nyuma yake. Kwa mutelemuko nilikanyaga freni, nikatia pembeni vizuri, nikazima. Majani marefu. Upepo haukuwa. Zakaria hakushuka, aliangalia magoti yake.

Nikashuka. Nikasimama mbele ya majani. "Deo. Mama yako iko hapa. Twende nyumbani."

Nikaita mara ingine.

Lori ikatokea upande wa Gety, yenye kujaa. Dorcas akanishika kwa mukono. Nilizani itapita na vumbi yake. Ikapunguza. Ikasimama. Shofere akashuka, akavua kofia, akaingia kwa majani mpaka kwa kiuno, akaita: "Esperansi." Mara moja tu. Kisha pikipiki, mwanaume na muke yake. Kisha motokari ya mbuzi. Hakuna mwenye kusalimia mwenzake. Kila mutu aliita wake, na sauti ya chini, sawa mwenye kuamusha mutu usingizini.

Mwishoni Zakaria akafungua mulango. Aliita majina mawili. Miaka yote, sikujua.

Tukarudia kila mutu kwa yake. Nikawasha. Kupanda mulima, kamioneti ikawa nzito sawa yenye kubeba batu, inalia, na nyuma kwa sanduku ya mizigo hakukuwa kitu.

Zakaria akasema tu: "Mama Deo, tia gia ya kwanza."

Nikatia. Hakuna mwenye kugeuka kuangalia.