Mama Mkwe Apige wa Ngapi?

Bi Mastura mpendwa,

Bwana asifiwe, na asalaam aleikum pia, kwa kuwa najua wewe ni Muislamu na sitaki kukupita bila salamu yako. Ukurasa wako nausoma kila wiki hapa Miritini nikishamaliza kuziba pancha za watu, na nimeona ulivyowasaidia wenye shida kubwa kubwa, za fumanizi na za urithi, basi leo nami nimejipa moyo nikakuandikia, ingawa shida yangu ukiisoma mbio mbio utadhani ni mchezo, na kweli ni mchezo, lakini mke wangu ameondoka kwa ajili yake na sufuria zote amekwenda nazo. Jina langu tafadhali lifiche, maana mimi ni mzee wa kanisa.

Ilikuwa hivi. Walikuja wageni kanisani kwetu wakatuletea gunia la vifaa vya besiboli, marungu na mipira migumu na glavu nene kama za kuopolea mikate kwenye tanuri, wakatufundisha kidogo wakaenda zao. Kwa asiyeujua, ni kama ile raunda tuliyocheza shuleni, na mimi shule niliishia darasa la saba lakini raunda niliijua: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu kisha anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka arudi pale alipopigia, na akifika hapo ni alama moja. Mpira ukifika kabla yako, uko auti, nenda kaketi. Na aliye mbele yako humpiti, hata akiwa anatembea kama anakwenda kuchota maji. Wapigaji hufuatana kwa zamu, na mwenye kuipanga zamu ni meneja. Mchungaji Thoya akasimama baada ya ibada akasema, "Meneja awe Randu, kwa sababu ndiye anayetupangia watu arusini na matangani, na hajagombanisha mtu hata siku moja." Watu wakapiga makofi, nami nikasema huo ni wito.

Basi nikapanga ninavyojua kupanga, yaani kwa umri. Anayetangulia kupewa sahani ya pilau ndiye atakayetangulia kupewa rungu. Wa kwanza nikamweka mama mkwe wangu, Mama Kafedha, mamake mke wangu Winfred. Anakaa Magongo lakini ibada huja kwetu, na usione ajabu mama wa umri ule kucheza, kwa sababu hakuna mtu Miritini nzima anayeupiga ule mpira kama yeye. Mikono yake imetwanga mahindi na kupasua kuni tangu usichana. Akiupiga unaruka juu ya malori yaliyoegeshwa kando ya uwanja wetu, na madereva huinama. Ila mbio hana, na leso huikamata kwa mkono mmoja isije ikamvuka. Nyuma yake nikamweka Mzee Chrispine wa kwaya, halafu Mchungaji, halafu wengine kwa miaka yao, na mkiani kabisa nikawaweka Zuleikha anayeuza viazi karai, na Dancun wa bodaboda, na Jafar mpakizi, ambaye hulifukuza lori likiwa linatembea akaruka akaingia.

Tena kuna wale wa kusimama mbali huko nyuma kudaka mipira mirefu. Mimi nikaona pale ni pa kupumzika, maana mpira huja mara moja moja na kuna kivuli cha mwarobaini, basi nikawapeleka wazee wangu na viti nikawapelekea. Mama mkwe naye nikampa kiti kizuri chenye mto.

Bi Mastura, tulicheza na timu ya Timbwani, wale wa Likoni wanaoongozwa na mtu aitwaye Boga, na sijui nianzie wapi. Mpira uliangukia miguuni mwa Mzee Chrispine akiwa amesinzia, mbuzi akaja akaunusa, na Mzee Chrispine alipoamka badala ya kuuokota akamwambia mbuzi, "Urudishe." Vijana wa Timbwani wakazunguka vituo vyote wakicheka. Zamu yetu ya kupiga ikawa mbaya zaidi. Vituo vilijaa wazee kama benchi la zahanati. Jafar aliupiga mpira akatoka kama moshi, hatua chache akamfikia Mchungaji mgongoni, ikabidi atembee nyuma yake akisema, "Pole pole baba, wala usihofu, mimi nipo."

Lakini hayo si kitu. Meneja husimama karibu na kituo cha tatu, mkimbiaji akija amwambie simama au endelea. Na wewe ni mtu wa Pwani unajua, sisi Wagiriama mama mkwe humtazami usoni wala husimami kwenye njia yake, ukimwona unapinda, na ukiwa na neno naye unalipitisha kwa mtu. Basi Mama Kafedha akaja, anahema, leso mkononi, anakuja moja kwa moja nilipo mimi. Nifanye nini? Nikageuka. Nikaelekeza uso kwenye tairi la lori na kofia nikaishusha mpaka puani. Nikamsikia nyuma yangu anauliza, "Jamani, nisimame au niende?" Mimi nikahesabu nati za tairi. Akauliza tena, nadhani alikuwa analiuliza lile lori, "Nisimame au niende?" Akaenda, maskini. Mpira ulikuwa ushafika zamani, unamngoja.

Boga akapiga ukelele kutoka upande wa pili, "Ewe Randu! Mkweo umemuuza kwa bei gani?" Madereva wakapiga honi.

Baada ya kushindwa, Dancun, ambaye ni wa bara na mambo haya huyatazama kwenye simu, akanivuta kando. Akasema, "Kocha, sikiza. Wenye mbio wanaanza, wanajaza vituo. Shosho, mkweo huyo, unamweka namba nne. Hiyo ndiyo ya bosi. Akigonga moja tu, wote wanaingia. Na huko nyuma weka watu wako na miguu, si watu wako na viti." Nililala nikilifikiria nikaona kijana ana akili. Kwa kuwa siwezi kumwambia mama mkwe mwenyewe, nikamtuma Winfred. Alivyolifikisha sijui, lakini jibu lilirudi hivi: "Mwambie mumeo nilimzaa mkewe kabla huyo Dancun hajaota jino. Leo nipige nyuma ya mpakizi na muuza viazi? Na kule kwa mbuzi alikonitupa na kiti, aende akachunge yeye."

Nikajaribu kumweleza Winfred kwamba wa nne ni cheo. Akanitazama kutoka kofia mpaka ndara akasema, "Mama yangu awe wa nne? Kwani ni watatu gani wengine walionizaa?" Akafunga sufuria kwenye leso, akaziweka kichwani, akaenda kwa mamake Magongo. Amesema harudi mpaka zamu ipangwe kwa heshima.

Jumamosi ijayo tunarudiana na Timbwani hapa hapa kwetu. Nikimrudisha mama mkwe mbele tutashindwa tena, na vijana wameshasema wanarudi kwenye mpira wa miguu. Nikimweka wa nne, sina mke. Nimefunga na kuomba, ingawa mbele za Mungu nikiri kwamba sikuwa na chakula vile vile. Kila jioni nala viazi karai vya Zuleikha, naye ananiuliza mbele ya wateja, "Meneja, leo pia?" Niache umeneja? Nimfuate mke wangu? Na nikimfuata nitapitaje mlangoni kwa mama mkwe? Nisaidie dada yangu, nyumba imekuwa kubwa mno.

Mimi mwenye njaa,
Miritini


BI MASTURA ANAJIBU

Randu, maana jina lako nimelificha kadiri ulivyoniwezesha. Umeniomba siri, kisha ukamtaja mkeo, mkweo, mchungaji wako na kazi yako. Hata mbuzi akiupata ukurasa huu atajijua.

Pole kwa njaa. Mwanamume aliyezoea kupikiwa akila viazi karai mfululizo, hata dua zake hunuka mafuta. Moyo wako ni mzuri, hilo naliona. Uliwapa wazee rungu kwanza kwa sababu hivyo ndivyo ulivyolelewa, wala mtu asikucheke. Lakini sasa nyamaza nikugombeze.

Wewe, ulipeleka viti uwanjani? Kiti chenye mto? Anayewekwa kule mbali ndiye mwenye kazi ya mbio kuliko wote, na mpira ukimpita hakuna mwingine nyuma yake ila mbuzi. Pale panataka mtu ambaye akisikia tu rungu limegonga, miguu ishaondoka kabla hajauona mpira. Jafar mweke katikati, maana katikati ndiko kwenye uwanja mkubwa. Dancun mpeleke upande wa mbuzi, mtu wa bodaboda amezoea kukwepa. Upande wa tatu mweke Winfred. Naam, mkeo. Mwanamke aliyetoka Miritini hadi Magongo kwa miguu, sufuria kichwani na hasira kifuani, na hakudondosha hata kifuniko, huyo mpira utamshinda? Mzee Chrispine akae na kwaya awaimbie.

La pili, kituo cha tatu. Ulijua kabisa mkweo ni mchezaji na wachezaji huja pale, ukaenda kusimama njiani kwake! Adabu ya kumpisha mkwe haianzi anapokufikia, huanza kwa kutokwenda mahali anapopita. Ondoka hapo. Mweke Zuleikha, akishamaliza kukimbia zamu yake. Kama sauti yake huwafikia madereva ndani ya malori, Mama Kafedha atamsikia. Wewe kaa upande wa kwaya.

La tatu, ndilo kubwa. Neno la kwenda kwa mkwe ulimpaje Winfred? Yule ni mtoto wa nyumba ile. Ulipomwoa ulimtuma yeye akajiposee? Ulituma watu wazima. Basi fanya vile vile. Mtafute dada yako mkubwa, au mama mmoja wa ushirika mwenye maneno laini, aende Magongo kabla ya Ijumaa na doti ya leso mpya na sukari. Aanze kwa kuomba radhi ya kile kiti. Kisha radhi ya kituo cha tatu, na aseme wazi kwamba mkwe aligeuka kwa haya, hakugeuka kwa dharau. Mama atacheka, nakuhakikishia, kwa sababu yeye mwenyewe angekuona umemkodolea macho angekasirika zaidi. Akishacheka, hapo ndipo hesabu ya nne itajwe.

Na itajwe hivi. Siku ya arusi yako, Randu, nani walitangulia kufika? Walitangulia wenye mikeka, wakaja wenye ngoma, wakaja wenye masufuria. Mama wa bibi arusi alikuja wakati watu wote wako mahali pao wanamngoja yeye. Kuna aliyesema amefanywa wa nne? Hata mmoja. Walisema, "Mwenyewe amefika." Basi Jafar, Zuleikha na Dancun wanatumwa mbele wakasimame vituoni wamngojee mama. Wako pale wamekwama, hawana pa kwenda, mpaka ashike rungu awafungulie njia. Hakuna hata mmoja atakayempita, kwa sababu wote wako mbele yake wakikimbia kwenda mbali. Hayo ndiyo maneno. Asiyapunguze wala asiyatie pilipili.

Bado lipo swali la mahali pa kumweka mama wakati Timbwani wanapiga. Mweke kituo cha kwanza. Usiniulize kama mbio anazo, pale mbio hazitakiwi. Mtu anasimama, mguu mmoja kituoni, anaudaka mpira anaotupiwa na wenzake, na mikono mnayo ya ajabu pale. Kila apigaye lazima apite kwake.

Sasa nikuambie jambo ambalo ulitakiwa kuliuliza kabla hujanunua stempu. Mimi nimezaliwa Timbwani. Boga ni mwana wa dada yangu, nimemlea mimi mwenyewe alipokuwa hajui kufunga kamba za viatu. Ukurasa huu huusoma kila wiki akinywa chai, ili aone kama nimemsema. Kwa hiyo zamu yako ya Jumamosi anayo mkononi, wa kwanza mpaka wa nne, na anajua wapi atasimama Jafar na wapi mkeo. Umeyataka mwenyewe.

Usitetemeke. Mwache ajue. Ataupiga mpira, atakimbia kwa kasi yote aliyopewa na Mola, na pale kituo cha kwanza atamkuta mama wa watu, leso mpya, anamtazama. Boga nilimfundisha kwa fimbo kwamba mtu mzima humpiti bila kusimama na kumwamkia. Atapunguza mwendo. Atainamisha kichwa. Atasema, "Shikamoo mama." Na kabla Mama Kafedha hajamaliza kuitika marahaba, mpira utakuwa ushaingia kwenye glavu.

Huo si udanganyifu, Randu, ni malezi, na timu isiyo na malezi haistahili kushinda. Winfred atakuja uwanjani na mamake, na jioni ataondoka na wewe, kwa sababu hakuna mke anayebaki amenuna siku ambayo mamake ameshangiliwa na honi za malori. Mwambie azibebe sufuria kabisa asubuhi ile, msipoteze muda.

Nami nitavuka feri nije. Nitakaa hapo hapo karibu na kituo cha kwanza nimwone huyo Boga kama atathubutu kupita bila salamu. Kiti nitakuja nacho mwenyewe.