Godoro Lililomlaza Askari

Jumamosi

Kumbe mume wangu anajua kukoroma!

Miaka miwili tangu vita viishe, bado analala ameketi, mgongo ukutani, buti miguuni. Leo tulienda soko la Nateete kutafuta godoro. Lile nene lilitushinda bei. La bei rahisi nililibonyeza kwa goti, likabaki na shimo. Muuzaji akatoa la tatu, jembamba lakini gumu.

"Afande, jaribu hili."

Mume wangu akavua buti. Mwenyewe! Akajinyoosha, akalala fofofo katikati ya makelele yote ya soko.

Nilitaka kumwamsha kwa aibu. Muuzaji akanizuia. "Mama, mwache kwanza."

Saa nzima nimekaa nimepakata buti zake, naogopa hata kukohoa. Alipoamka nililipa bila kupatana bei. Mimi!