Utitiri wa Kipanga

Jangwani, kusini ya Tobruk
17 Oktoba

Kwako kaka Miftahi,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima na taya limeanza kuunga. Mama hajambo, ila kila akisonga bazini, ule ugali wetu wa shayiri, anakutengea sahani yako, kisha analia.

Habari za huku si njema. Wana wa binamu Rahili wamelichoma gari lako, wakawachinja kondoo wako kumi na wawili na kuwaacha waoze kisimani. Mpaka jana Rahili alikuwa akiapa kwamba ulimtilia sumu kipanga aliyemnasa ili amuuze, kwa wivu, eti mtego wako haunasi hata njiwa. Wazee walipanga kukukana Ijumaa, ili yeyote akikuua asiwepo wa kuidai damu yako.

Juzi alipita mwalimu mmoja anayechunguza ndege wa porini. Nilimpa unyoya wa yule kipanga niliouficha. Akauinua juani, akanionyesha utitiri uliojipanga humo, akacheka. Alisema vidudu hivyo huishi na ndege wa porini maisha yake yote; hula mafuta na uchafu wa manyoya, damu hawagusi. Nikamuuliza mara tatu. Mara ya tatu akataka kujua kwa nini nalia.

Kaka, ni mimi. Asubuhi ile Rahili aliniachia ndege, nikauona utitiri bawani. Nikadhani utamharibia manyoya na wanunuzi watamkataa, nikamchovya kwenye dawa ya kupe ya kondoo. Alitetemeka mikononi mwangu mpaka akafa. Nikamrudisha kwenye kijiti chake, nikanyamaza. Na Rahili alipokuvunja taya kwa mti wa hema, aliyekushika mikono kwa nyuma ni mimi. Ulidhani naamua ugomvi. Nilikuwa naogopa zamu yangu.

Leo baada ya adhuhuri nimekiri mbele ya Rahili na wazee. Shauri la kukukana limefutwa, rudi nyumbani. Rahili ameniruhusu nimalize barua, anasema ataipeleka posta mwenyewe. Amekaa nje na ule mti. Ameshaniita mara mbili: “Toka, bwana daktari wa kondoo.”

Mama na wadogo zetu wanakusalimu sana. Lolote utakalosikia limenipata, kaka, kwa haki ya maziwa tuliyonyonya, usilipize.

Nduguyo,
Hamadi