Tarumbeta Lisilokwisha Kung'arishwa

Jumanne, 8 Julai
Ukungu mpaka saa nne. Mlima Meru haukuonekana kabisa. Nimerudia kung'arisha kinywa kipana cha tarumbeta. Miwani, barakoa, kilemba kimefungwa nyuma na ncha zimechomekwa. Kimashine kwa kasi ya chini. Kigurudumu cha pamba kinagusa tu. Mume wangu, Baba Eli, alikuwa akisema ukikandamiza unachoma, hung'arishi.

Alijua anachosema. Maisha yake yote alikuwa fundi wa meno ya bandia kule Themi, na kimashine hiki kidogo kimeng'arisha meno ya wazee wengi wa Arusha. Sasa nang'arishia tarumbeta alilopuliza kanisani. Mwenyewe amelala kaburini nyuma ya nyumba tangu Februari.

Tarumbeta si letu, ni la usharika. Amepatikana mpulizaji mwingine. Nilisema nitalirudisha likiwa safi, kabla ya Sikukuu ya Mavuno tarehe 27.

Alhamisi, 10 Julai
Baba Upendo amekuja kuuliza kama limekwisha. Ndiye kiongozi wa kikundi cha tarumbeta, alipuliza bega kwa bega na mume wangu. Amekunywa chai vikombe viwili. Amenisimulia mzee wa kanisa aliyesinzia na sahani ya sadaka mapajani. Nimecheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia bado, kuna madoa.

Hakuna madoa. Lilikwisha wiki iliyopita.

Hapa kwetu mwanamume haingii kwa mjane bila shughuli, hata awe shemeji. Mkewe ni mtu mwema lakini majirani wana macho. Akina mama walijaa hapa wakati wa msiba. Sasa wako mashambani, mahindi hayangoji. Kwa hiyo tarumbeta ndiyo shughuli. Likitoka, nani atapiga hodi?

Jumapili, 13 Julai
Ibada. Mwanangu Eli alipiga simu kutoka Mwanza. Aliuliza kama niko salama, nikasema salama. Ndivyo tunavyoulizana. Nimekula loshoro ya jana, mahindi na maziwa mgando, nikiwa nimesimama.

Jumatano, 16 Julai
Ujinga mtupu. Baridi ilinizidi nikavaa sweta la Baba Eli. Mikono mirefu ni marufuku kwenye kimashine. Mwenyewe alinifukuza kwenye chumba chake cha kazi mara nyingi kwa sababu ya khanga tu. Kigurudumu kimenasa uzi, kikakusanya mkono mzima wa sweta na kupanda mpaka kwenye kiwiko. Nikang'oa waya ukutani kwa mkono wa kushoto. Ngozi imechubuka, si sana.

Nilipiga kelele. Kuku wakakimbia, basi. Hakuna mwingine aliyesikia. Ningeumia vibaya wangenikosa kanisani Jumapili ndipo waje. Nimekasirika, halafu nikalia.

Ijumaa, 18 Julai
Baba Upendo tena. Leo hakukaa sana, kikombe kimoja na jicho kwenye saa. Mpulizaji mpya ni Mwalimu Janeth wa shule ya msingi, na anahitaji kulizoea tarumbeta kabla ya sikukuu. Nilitafuta cha kusema. Nikamwonyesha weusi pale mkono wa kushoto unaposhika.

"Shemeji, hapo pamekuwa hivyo tangu ujana wetu. Ni jasho lake marehemu."

Nikasema nitapaondoa. Anipe mpaka Jumatatu. Akanitazama kidogo, akaaga. Nadhani ananishuku.

Jumamosi, 19 Julai
Nimelitoboa.

Nilitumia dawa ya kahawia, ile kali ya kukwangua. Kigurudumu kigumu. Nikaongeza kasi, nikakandamiza. Yote niliyoambiwa nisifanye. Nilikuwa nimekasirika, sijui na nani. Jasho la miaka mingi lilikuwa limeshaila shaba pale, ikabaki nyembamba kama karatasi. Ikapata moto. Nikaona kitone cheupe, nikadhani ni mng'ao umeanza. Lilikuwa tundu.

Nimeliziba kwa kidole na kupuliza. Nikaondoa kidole, likatoa mluzi wa ajabu. Halipigiki.

Leo sitalala vizuri. Usharika una matarumbeta sita tu. Wakikosa la Mavuno ni kwa sababu yangu.

Jumatatu, 21 Julai
Nilifikiri kusema limeanguka. Uongo wa kitoto. Baba Upendo amekuja. Nimemimina chai kwanza, kisha nimeweka tarumbeta mezani na kusema yote. Kwamba lilikwisha siku nyingi. Kwamba nilikuwa nalipaka na kulifuta ili awe anakuja kuuliza. Mikono ilikuwa kwenye kitenge, sikuweza kumtazama.

Aliligeuza tarumbeta akaliangalia lile tundu.

"Ungesema tu, shemeji."

"Ningesemaje?"

Ameondoka na tarumbeta limefungwa kwenye taulo, anampelekea fundi wa kulehemu wa Daraja Mbili. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Aibu niliyo nayo inatosha kaya tatu.

Ijumaa, 25 Julai
Hakuna mtu. Nimerudisha vigurudumu kwenye kopo lake na kufagia vumbi jekundu la dawa ya kung'arishia chumbani.

Jumapili, 27 Julai
Mavuno. Matarumbeta yote sita yalilia. Kiraka kinaonekana kwa mbali, kama kucha. Mwalimu Janeth alikosea ubeti wa pili, akapatia uliobaki. Baada ya mnada wa maboga nilitoka kupitia mlango wa pembeni kabla hawajaanza kusalimiana.

Alhamisi, 31 Julai
Siku ya mazoezi ya tarumbeta kanisani. Nimekwenda. Sikubeba kitu na sikuwa nimetumwa na mtu. Nilisimama mlangoni nikijiuliza nitawaambia nimefuata nini. Baba Upendo akasogeza mfuko wake kwenye benchi bila kukatisha wimbo. Nikakaa.

Hawakuniuliza. Walirudia wimbo uleule mpaka nikaujua.

Katikati Mwalimu Janeth alitaka kunywa maji. Akasema, "Mama Eli, naomba unishikie," akaniwekea tarumbeta mikononi. Lilikuwa na joto. Joto la pumzi, limeingia mpaka kwenye shaba. Matone yakadondoka kwenye kitenge changu.

Mume wangu hakuwahi kunipa nimshikie. Alilirudisha sandukuni mwenyewe, nami nilikuwa nalikuta limeshapoa. Miaka yote ile ndani ya nyumba moja, na sikujua kama huwa linapata joto.

Nililikumbatia. Aliporudi nikampa.